Wageni Tumboni mwa Mshenga

Ijumaa iliyopita, mchana wa jua kali, Mzee Singano wa Muheza aliota ndoto, na ndoto yenyewe ilianza kwa mtu kupiga hodi ndani ya tumbo lake.

Kabla hatujaingia humo, tumjue kwanza mwotaji. Singano ni mshenga. Ukitaka kuoa Muheza, au Mkanyageni, au hata huko juu Amani kwenye mashamba ya chai, na ukoo wenu hauna mtu wa kusema vizuri, utaelekezwa kwake. Ni mtu mrefu, mpole wa mwendo, kanzu yake haina doa, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba anayemsikiliza hulazimika kumsogelea. Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake. Baba wa msichana huanza mazungumzo akiwa ameegemea ukuta, kakunja uso. Mwisho utawakuta vichwa vyao vimekaribiana kama watu wanaopeana siri, na posa imekwisha pita.

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, marehemu Mzee Hoza, aliyemwachia kanuni moja iliyozidi zote: mshenga akiinuka, posa imeinuka. Ukishakaa kwenye jamvi la watu, huendi popote mpaka neno lipatikane. Huendi uani, huendi msalani. Utakula ulichowekewa, maana kukataa ni tusi. Na maji utayagusa kwa midomo tu, maana maji ndiyo humwinua mtu. Singano aliishika kanuni ile kwa mikono miwili. Hata akiwa kwake nyumbani, tumbo lilipomwita asubuhi aliliambia lingoje: kulikuwa na safari, au kulikuwa na mtu barazani anayetaka mashauri. Tumbo likangoja. Baadaye likaacha kuita, na kupata choo kukawa kwake ni jambo la bahati, kama mvua ya kiangazi.

Miezi ya karibuni mambo yakaanza kumwendea vibaya, na asijue kwa nini. Watu waliokuwa wakimsogelea walianza kumsikiliza kwa mbali, wakisema wanamsikia vizuri tu. Imamu alimwitikia salamu akitazama pembeni. Na nyumbani, tangu masika, mkewe Bi Mwantumu alikuwa akilala ameelekea ukutani. Hakuwa amemkosea, wala hakuwa amenuna. Aliongea naye kutwa nzima vizuri, akampakulia, akamfulia, ila ukifika wakati wa kulala hugeuka, akampa mgongo. Singano hakuuliza. Mtu aliyewaunganisha wengi namna ile aliona haya kuuliza habari za kitanda chake mwenyewe. Alijiambia moyoni kwamba mapenzi nayo huzeeka, akabaki na huzuni yake.

Ndipo ikaja posa ya Hemedi. Hemedi ni mtoto wa marehemu dada yake, fundi seremala, kijana asiye na maneno mengi. Alikuwa amempenda Sauda, binti ya Mzee Kombo Mdoe wa Maramba. Singano akaenda, akakaribishwa, akawekewa pilau la nyama, akala, akaanza kazi yake kwa ile sauti ya chini. Lakini kila alivyosogea, Mzee Kombo naye alisogea nyuma, mpaka mgongo wake ukagota kwenye fremu ya mlango. Hapo akasema watatoa jibu. Jibu lilipofika lilikuwa la ajabu: binti ameridhia, wazee wamemkubali kijana, wanaomba tu aje kuzungumza mtu mwingine. Sababu haikutajwa.

Singano hakuwahi kudhalilishwa hivyo tangu kuzaliwa kwake. Akasema kwamba kama yeye hafai kusema, basi hakuna cha kusemwa, na posa ile ife. Wazee wenzake wakamsihi, hakusikia. Ijumaa hiyo, baada ya swala, Hemedi alikuja akakaa naye barazani, kisha akasema neno moja tu.

"Mjomba, mimi sina mtu mwingine."

Singano alimjibu kwamba atafikiri. Akala ugali na dagaa, akaingia chumbani, akajinyoosha kitandani tumbo likiwa limemvimba na kuwa zito, akalala.

Ndipo akasikia hodi.

Mtu ambaye maisha yake yote ni hodi hujibu kabla hajafikiri. Singano akasema karibu.

"Ahsante," sauti ikamjibu kutoka chini ya kitovu. "Lakini hatuombi kuingia. Tunaomba kutoka."

Anatazama huku na huku. Yuko sebuleni kwake, ila sebule imekuwa nyembamba na ndefu, inapinda kushoto, inapinda kulia, inajirudia yenyewe kama barabara ya kupanda Amani. Kuta zina joto na unyevu. Dirisha hakuna. Jamvi limetandikwa mwanzo hadi mwisho, na juu yake wamekaa wageni bega kwa bega, wamevaa kanzu na kofia, wamekunja miguu kwa adabu.

Anawatambua mmoja mmoja. Yule mkavu mwenye uso wa kupasukapasuka ni muhogo wa kukaanga aliokula Mkanyageni. Yule mnene asiye na shingo ni ugali. Wale ndugu waliofanana, waliojipanga ukutani, ni maandazi ya Amani. Na mbele kabisa, mahali pa heshima, ameketi mzee mmoja wa joho jeusi, ndevu zake zimenasa punje za wali. Huyo ni nyama ya ng'ombe ya pilau la Maramba.

Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililomsikitisha Singano zaidi. Walikuwa watu wa heshima waliokaa kupita kiasi. Wengine walikuwa wameanza kuharibika, na walijua, na waliona aibu. Walijifunika kwa kofia zao ili mwenyeji asiwaone.

Nyama akajikohoza, akasema kwa niaba ya wote. Alisema waliingia humo kwa bismillahi na kwa kuingia hawana lalamiko. Walitafunwa vizuri. Mahali walipopita palikuwa safi.

"Lakini wewe ni mtu mzima, Mzee Singano," akaendelea. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipofika tulikunja mikono ya kanzu zetu, tukasubiri jembe. Jembe hatukupewa, na ruhusa ya kwenda zetu hatukupewa."

Singano akainamisha kichwa. Akatafuta neno katika maneno yake yote ya kazi, na lililokuja mdomoni lilikuwa moja.

"Tutawapa jibu," akasema.

Wageni wakatazamana. Ugali akashusha pumzi, na kuta zote zikatikisika.

"Hilo ndilo jibu tunalopewa kila asubuhi," alisema Nyama, bila ukali.

Basi wakaeleza kwamba walipoona hawajibiwi, walitafuta mtu wa kuwasemea huko juu kwa walimwengu. Wakamwita, naye akaja akishuka ngazi, mtu mwembamba asiye na rangi, unaweza kumwona na ukaona ukuta nyuma yake. Viatu vyake vilikuwa vimelika visigino. Akampa Singano mkono, na mkono wenyewe ulikuwa kama upepo wa chini ya mlango.

"Mimi ni Pumzi," alisema. "Ni mshenga mwenzako."

Singano alimwambia hamjui. Pumzi hakushangaa. Alisema ndivyo ilivyo kawaida, wanaomjua ni wengine. Akaeleza kazi yake kwa utaratibu: wageni humpa habari zao, naye hupanda nazo, kila Singano anapofungua kinywa, yeye ndiye hutangulia. Maneno yanakuja nyuma yake, yamevaa vizuri, yana marashi, lakini yanakuta yeye ameshafika na ameshakaa katikati ya jamvi.

"Na unawaambia nini watu?" Singano akauliza.

"Ninachotumwa. Kwamba humu ndani mna wageni, wamezuiwa, na wanaharibika."

"Unaniaibisha."

"Mjumbe hauawi," alisema Pumzi. "Wewe mwenyewe umelisema hilo kwenye majamvi ya watu, nami nilikuwepo."

Singano akapepesa macho, na alipoyafumbua hawapo tena tumboni, wako Maramba. Ni siku ileile ya posa. Mzee Kombo ameketi, sahani za pilau zimeondolewa. Singano anajiona mwenyewe akiinama kutoa kauli. Kinywa kinafunguka, na Pumzi anatoka kwanza, anavua viatu, anapiga goti mbele ya Mzee Kombo, anamnong'oneza karibu kabisa na pua. Macho ya Mzee Kombo yanajaa machozi. Anavuta ncha ya kanzu, anajifuta uso, anasogea nyuma. Si kiburi. Mtu yule anahangaika. Anamtazama mgeni wake kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake amevunjika mguu na mwenyewe hajajua.

Maneno ya posa yamesimama mlangoni, mazuri, yamepangwa safu. Hakuna aliyeyakaribisha.

Singano aliumia kuliko alivyoumia siku jibu lilipofika. Akamgeukia Pumzi, akadai kwamba hiyo haiwezi kuwa kweli, kwa sababu yeye hupiga mswaki kabla ya kila swala, na hakuna siku anayotoka bila karafuu mdomoni. Pumzi akasema mashahidi wapo, waulizwe.

Sasa wamesimama kwenye lango la meno. Lango ni jeupe na limesuguliwa. Pembeni yake ameketi Mswaki, kijiti cha mti mchungu, nywele zimemsimama upande mmoja, amevaa sare ya karani wa zamani. Alipoulizwa, alijibu bila kuinua macho kwamba kazi yake ameifanya na haogopi kukaguliwa. "Lakini mamlaka yangu yanaishia kwenye magego," alisema. "Ng'ambo ya hapo kuna serikali nyingine."

Karafuu walikuwa wawili, walinzi wa lango, wamejiegemeza kwenye marungu yao. Hao walikiri kwamba Pumzi hupita mbele yao kila siku. Walipoajiriwa hawakuambiwa wamzuie, waliambiwa wamnukishie njia. Mmoja akaongeza kwamba wanafanya kazi kwa bidii, ila mtu akipita amebeba msiba, hata ukimmwagia marashi, watu wataona msiba.

Nyuma ya walinzi limetandikwa jamvi, refu, lenye unyevu, limefunikwa utando mweupe kama ukungu wa asubuhi. Singano anakanyaga, linacheza chini ya mguu wake. Ni ulimi wake. Upande mmoja wa jamvi ameketi Hemedi, ameshika randa yake ya useremala mapajani. Upande wa pili ameketi Sauda, mtandio umemfunika mpaka nyusi. Hawatazamani. Wanangoja.

Singano anawauliza wanangoja nini. Hemedi anajibu kwamba wameambiwa wangoje wageni wa mjomba waondoke kwanza, ndipo wao wapite. Anasema hivyo bila lawama, anarudi kuikagua randa.

Neno lile lilimwingia mshenga kama mwiba wa samaki. Akashuka ngazi kwa haraka ambayo kanzu yake haikuizoea, akapita wageni wote, Nyama na Ugali na ndugu zao, akapinda kona baada ya kona mpaka akafika chini, mwisho wa nyumba, penye Mlango.

Mlango ulikuwa mnene na wa duara, umefungwa. Akausukuma, haukutikisika. Akauamrisha ufunguke.

"Sijui kufunguka," Mlango ukasema.

Akauliza ni mlango gani usiojua kufunguka.

"Nilikuwa najua," ulijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Kila asubuhi, baada ya chai, nilikugongea. Ulisema ngoja. Ukienda kwa watu nikakugongea, ukanikaza. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Ulinifundisha kungoja, nikajifunza, na sasa ndicho ninachokijua."

Singano alikaa chini sakafuni. Hakuwahi kukaa sakafuni pasipo jamvi. Akauliza, kwa sauti ya kawaida sasa, si ile ya kazi, kama lipo la kufanya. Mlango ukafikiri. Ukasema Maji yaitwe. Na machungwa, pamoja na nyuzi zake nyeupe ambazo yeye huzitema. Na papai. Na majani ya mboga, yasipikwe mpaka yakasahau kwao. Halafu mwenye nyumba afanye jambo moja, aliloapa kutolifanya.

Maji yalipoitwa hayakukawia, kwani yalikuwa nje tu. Yaliingia kama mama mmoja mtu mzima, kajifunga khanga, miguu mitupu, akiacha alama sakafuni. Hakusalimia kwanza. Alimwambia Singano kwamba ni miaka sasa anasogezwa midomoni pake na kurudishwa kwenye bilauri, na kwamba mtu anayebusiwa tu bila kukaribishwa ndani ana haki ya kununa. Singano akamwomba radhi. Akamkaribisha kwa jina, akamwambia nyumba ni yake. Nyuma ya Maji wakaingia machungwa wa Muheza, kundi zima, wanaongea kwa pamoja kama watu wa harusini, na papai akiwa mbele, mzito, ameshika fimbo.

"Vizuri," ukasema Mlango. "Sasa inuka."

Hapo Singano akaogopa. Alikumbuka yuko kwenye jamvi la Maramba, kwani kweli sakafu ilikuwa imeshageuka tena, na Mzee Kombo yuko mbele yake, na neno halijapatikana. Akiinuka, posa imeinuka. Alimwona Mzee Hoza, mjomba wake, ameketi pembeni na sanda yake, anamtazama. Singano akamwuliza kama anaweza kuinuka. Marehemu alijigusa tumbo lake, akafinya uso, na Singano akaelewa kwamba mzee yule alikufa nalo.

Bado hakuinuka. Alibaki ameng'ang'ania jamvi kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Na hapo ndipo alipouona ukuta.

Ulikuwa ukuta wa chumba chake cha kulala, wa udongo na chokaa, umesimama katikati ya baraza la Maramba bila nyumba. Bi Mwantumu alikuwa amelala mbele yake, ubavu, uso ameuelekeza ukutani, vilevile kama kila siku. Singano akajikuta analazimika kufanya ile kazi anayoijua, ila safari hii hakuna aliyemtuma. Anajiposea. Anatafuta maneno mazuri, hayaji. Anasema tu:

"Mama Mwajuma, umenichoka?"

Mkewe hakugeuka. Alijibu akiuambia ukuta.

"Wewe sijakuchoka. Nimewachoka wageni wako."

Singano akainuka.

Aliinuka kama mtu anavyoinuka msikitini, bila kufikiri tena. Magoti yakalia. Hakuna kilichoanguka. Mzee Kombo hakufukuza mtu, Hemedi na Sauda hawakuyeyuka, mbingu ilibaki mahali pake. Singano akawageukia wageni, akaweka mkono kifuani, akasema yale ambayo mwenyeji husema na ambayo yeye hakuwa amewahi kuyasema.

"Waheshimiwa, ahsanteni kwa kuja. Ruhusa."

Mlango ukafunguka. Haukulia, haukushindana. Ulifunguka kama ulikuwa ukisubiri neno hilo tangu zamani, nao wageni wakainuka kwa utaratibu, wakajikung'uta, wakaanza kutoka. Maji alikuwa mbele akiwaonyesha njia, machungwa wanawasindikiza nyuma, wanawaambia wapunguze maongezi mlangoni. Kila mmoja alipofika kwa Singano alimpa mkono wa kuagana. Muhogo alimshukuru. Ndugu wa Amani walimwombea dua. Ugali alimwegemezea tu kichwa begani, akapita.

Pumzi alishuka ngazi kuja kutazama. Sasa alikuwa amebadilika; alikuwa hana mzigo, na Singano akaona kwamba kumbe ni kijana mzuri, mwenye uso wa mtu aliyetoka kuoga. Alisema leo hana cha kupeleka. Akauliza kama anaweza kupumzika. Singano akamwambia apumzike.

Wa mwisho alikuwa Nyama. Alitembea polepole, ameshika pindo za joho lake. Akasimama mbele ya mwenyeji, akamshika mkono kwa viganja vyake viwili, akamshikilia kama watu wanaojua hawataonana tena.

"Usitudhanie vibaya," alisema. "Hakuna aliyekuja kwako kwa nia mbaya. Ila mgeni akicheleweshwa sana, hugeuka hata mwenyewe asijitambue."

Akatoka, na Singano akaamka.

Jua lilikuwa bado kali. Ngurumo ilipita tumboni mwake kutoka juu hadi chini, kama gari moshi linalofika stesheni. Siku nyingine angeliambia lingoje. Siku hiyo aliinuka kitandani, akavaa ndala, akachukua kopo la maji, akaenda uani.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, alikuwa amenawa mikono kwa sabuni, uso wake umelegea, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyetua gunia. Bi Mwantumu alikuwa barazani kwenye mkeka, anapepeta mchele, ungo unakwenda na kurudi. Singano akaketi, si karibu sana. Akaomba maji ya kunywa. Mkewe akashangaa, akampa, naye akayanywa bilauri nzima. Kisha akauliza.

"Mama Mwajuma, kinywa changu kinanuka?"

Ungo ukasimama. Bi Mwantumu aliutazama mchele kama mtu anayetafuta jiwe. Singano hakumharakisha, alikuwa na umri wa kutosha kujua kimya kinachokataa na kimya kinachokubali.

"Kinanuka, Baba Mwajuma," alisema mwishowe. "Tangu masika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kazi yako ni kinywa."

Akaanza kulia, taratibu, bila sauti. Alisema amekuwa akimchemshia majani ya mpera, amekuwa akimwekea iliki ndani ya chai, na kila alipotaka kusema alimwona anavyovaa kanzu yake kwenda kwa watu, akakosa nguvu. Singano akamwuliza na ukuta je. Bi Mwantumu akajifuta macho kwa pindo la khanga, akajibu kwamba ukutani kuna ufa mdogo, panaingia hewa.

Singano akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alihisi haya, lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kingine, chepesi, ambacho kwa muda hakukitambua: hakuwa amechokwa.

Hayo mengine yalikwenda kama yalivyokwenda. Jioni hiyohiyo alimwita Hemedi, akamwambia posa haijafa, na kwamba Jumapili wataifikisha Maramba; atasema Shafii, mdogo wake Bi Mwantumu, na yeye Singano atakwenda kama mzee wa kukaa tu. Hemedi aliushika mkono wa mjomba wake kwa mikono miwili. Na Jumapili walikwenda. Singano aliketi karibu na mlango, na pilau lilipokuwa bado linapakuliwa aliomba maji, akanywa, kisha mbele ya ukoo mzima wa Mdoe akauliza msalani ni upande gani. Shafii alidhani dunia imekwisha. Mzee Kombo mwenyewe aliinuka akamwonyesha njia, na waliporudi walikuwa wakizungumza habari za machungwa, mambo ya kawaida ya wazee, na Mzee Kombo alikuwa akitembea ubavuni mwake. Neno lilipatikana kabla ya swala ya alasiri. Lakini tumbo lake litachukua muda, maana mlango uliofundishwa kungoja kwa miaka haufundishwi kufunguka kwa Ijumaa moja. Kila asubuhi baada ya chai inabidi Singano akaketi huko uani, awe na safari asiwe nayo, na kuna siku anarudi mikono mitupu.

Turudi barazani, Ijumaa ile, kwani kuna jambo limebaki.

Bi Mwantumu alipomaliza kulia alitaka kuinuka aweke chungu motoni, na magoti yake si ya kuaminika siku hizi. Singano akampa mkono wa kulia. Mkewe akaushika, akainuka, halafu hakuuachia. Aliugeuza kiganja juu. Akausogeza puani.

Kiganja kilikuwa kinang'aa kwa mafuta, na mafuta yenyewe yalinukia bizari na nyama. Alikisugua kwa kidole gumba, yakazidi kung'aa. Nyumbani mle pilau halikuwa limepikwa tangu Idi, na mchana walikula ugali na dagaa, kwa mikono yao wenyewe, wote wawili.

"Mkono huu umeshika nini?" akauliza.

Singano akautazama. Akautazama tena. Akafikiri kama aseme yote au asiseme.

"Nilikuwa naagana na mgeni," alisema.

Mkewe akageuka kutazama njia.

"Mbona sikumwona akipita?"

"Amepitia uani," alisema Singano.